Injini ilimisi miezi minane, nikakaribia kuitupa

Na MWANDISHI WETU, Kampala

ILIKUWA Alhamisi, mvua ya alfajiri imekatika punde, nami nilikuwa nikimleta mama yangu mjini kwa kliniki ya sukari. Mama anaishi Kayabwe, pale barabara ya Masaka inapovuka ikweta, kilomita 72 hivi kutoka Kampala. Tulipopita Buwama tulikuta lori la matoke likipanda mlima polepole, moshi mweusi nyuma yake. Nilitazama mbele, nikaona barabara nyeupe, nikatoka kulipita.

Nilipofika ubavuni mwa lori, gari langu likaanza kukohoa. Nilikanyaga mafuta hadi chini, lakini badala ya kuongeza mwendo lilitetemeka na kurudi nyuma kama punda aliyegoma. Kwenye kilele cha mlima basi likajitokeza, taa zimewaka, honi inalia. Nilikanyaga breki nikarudi nyuma ya lori, na basi likapita kwa kishindo kilichotikisa vioo vyetu.

Mama hakupiga kelele. Alikaa kimya mpaka tukavuka Mpigi, ndipo akaniuliza: "Mwanangu, hili gari lina pumu?"

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, lile umbo ambalo watu huliita "mia moja", lenye injini ya 5A ya lita moja na nusu. Nimekuwa nalo miaka kumi na mmoja. Limewasomesha watoto wangu wawili, limebeba saruji ya nyumba yangu na jeneza la baba yangu. Kwa mshahara wa mwalimu wa sekondari sina jingine, na kuagiza jingine la rika hilo sasa haiwezekani: sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 inazuia kuingiza Uganda gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Aliye na gari la zamani hulitunza, au hupanda teksi.

Siku ile ya Buwama ulikuwa mwezi wa nane tangu gari lianze kumisi.

Kwa msomaji asiyekuwa na gari, nieleze. Injini kama yangu ina silinda nne, na kila moja hupata zamu yake ya kulipuka. Injini ikiwa imetulia, inazunguka mara 800 hivi kwa dakika, kila silinda hulipuka mara 400. Zamu ikipita bila mlipuko, hiyo ndiyo kumisi. Ikipita moja moja, dereva huhisi kama gari limekwaruza kijiwe. Zikipita nyingi, usukani hutetemeka mkononi, kioo cha pembeni hucheza, harufu ya petroli mbichi hutoka nyuma, na mlimani gari halina nguvu. Petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya bomba la moshi, kwenye kile chombo cha kusafisha moshi, ambacho hupata joto kali hadi kuharibika. Basi gari linalomisi linakula pesa hata siku ambayo halijakuangusha njiani.

Langu lilikuwa na tabia mbili. Likisimama kwenye taa za barabarani lilitetemeka, hasa injini ikishapata moto. Na baada ya mvua, likipanda mlima, lilikosa nguvu. Mimi nilidhani ni ugonjwa mmoja. Kosa hilo ndilo lililonigharimu.

Vipuri kabla ya kipimo

Fundi wa kwanza alisikiliza injini kwa nusu dakika, akasema: "Plagi." Nilikwenda Soko la Kisekka, katikati ya jiji upande wa Nakivubo, ambako kila kipuri cha gari duniani hupatikana, cha kweli na cha uongo. Nilinunua plagi nne ndani ya maboksi mazuri yenye jina kubwa. Siku mbili gari lilikuwa afadhali. Siku ya tatu likarudi palepale.

Fundi wa pili alisema ni nyaya za plagi. Nikanunua seti nzima. Wiki tatu za raha, kisha mvua ikanyesha. Huyo huyo akaniambia sasa ni pampu ya mafuta. Nikanunua pampu iliyotumika. Hapakuwa na tofauti yoyote, ila kelele mpya chini ya kiti cha nyuma. Fundi wa tatu alizifungua injekta akaziosha, akasafisha njia ya hewa, na alipokuwa akirudisha nyaya akachanganya ya pili na ya tatu. Injini ikalipuka kama bunduki, na kuku wa jirani wakatawanyika. Mpangilio wa kulipuka wa injini ile ni moja, tatu, nne, mbili. Ukikosea waya mmoja, cheche hufika nyumba isiyo yake.

Katika karakana ya nne nilikuta vijana wenye kompyuta. Walinivutia. Lakini gari la mwaka 1994 si la zama hizo. Magari mapya yana kompyuta inayohesabu kasi ya mzunguko na kutambua silinda ipi imekosa zamu, kisha huandika namba: P0300 kwa kumisi kwa jumla, P0301 kwa silinda ya kwanza, P0302 ya pili na kuendelea. Marekani ilifanya mfumo huo kuwa lazima kwa magari yote mapya ya mwaka 1996. Corolla yangu ina kisanduku kidogo chini ya boneti. Unaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya, kisha unahesabu taa ya injini kwenye dashibodi inavyopepesa. Vijana wakaunganisha. Taa ikapepesa kwa mfululizo ulio sawa, maana yake: hakuna kosa. Injini inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na kompyuta yake inasema haijambo!

Wakasema basi kompyuta yenyewe ndiyo imekufa. Nikakataa kununua nyingine, si kwa ujuzi bali kwa umaskini.

Karakana ya tano ndiyo iliyonitisha. Walichukua geji ya kupima kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, wakanionyesha: 130, 125, 90, 130. Wakafungua kitabu kwenye simu: inatakiwa 191. "Mwalimu, injini imekwisha. Tunaweka nyingine kutoka Japani, milioni mbili na nusu pamoja na kazi." Walikuwa na picha yake.

Hadi hapo nilikuwa nimetumia zaidi ya laki tisa za Uganda. Nililala siku kadhaa nikipiga hesabu. Chama cha kukopeshana cha walimu kingenipa milioni mbili, nusu nyingine ningeuza ng'ombe wa Mama, kwa idhini yake. Mama alishakubali. Alisema ng'ombe anaweza kupatikana tena.

Ndeeba, chini ya mwembe

Kabla sijasaini fomu ya mkopo, mwalimu mwenzangu wa fizikia aliniambia nimwone mzee mmoja Ndeeba, barabara hiyo hiyo ya Masaka inapotoka mjini. Nilidhani nitakuta karakana. Nilikuta mwembe, mabati manne, kabati la chuma lenye kufuli, na mzee wa miaka sabini na kitu amekaa juu ya tairi akinywa chai. Vijana wake watatu humwita Jjajja, yaani babu, nami nikafuata. Kiswahili chake ni cha Nairobi, alikofanya kazi miaka mingi katika karakana za eneo la viwandani kabla ya kurudi kwao.

Nilianza kumsimulia vipuri nilivyonunua. Akainua mkono.

"Mwalimu, sikukuuliza umenunua nini. Nakuuliza, linamisi lini?"

Nikasema kila wakati. Akatikisa kichwa. Kukiwa baridi au moto? Limesimama au linakimbia? Mlimani au tambarare? Baada ya mvua au hata kiangazi? Tangi likiwa limejaa au karibu kwisha? Lilianza ghafla au polepole? Nilijibu nilivyoweza, na nilipokuwa nikijibu ndipo nilipogundua mwenyewe kwamba ule mtetemeko wa kwenye taa hauhusiani kabisa na mvua. Unakuja injini ikiwa moto, hata Januari kukiwa vumbi tupu. Na udhaifu wa mlimani unakuja na unyevu, hata injini ikiwa bado haijapata moto vizuri.

"Basi hapo kuna wagonjwa wawili kitanda kimoja," akasema, akamwaga masalia ya chai.

Aliniambia injini ya petroli hukaa juu ya mafiga matatu kama chungu: cheche kwa wakati wake, mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kiasi chake, na hewa kubanwa barabara. Figa moja likiteleza, chungu kinamwagika. Lakini wanaotazama chungu kilichomwagika hawawezi kujua ni figa lipi. Lazima ushike moja moja.

Kwanza alitafuta silinda mgonjwa. Injini ikiwa moto na imetulia, kijana wake alichomoa plagi ya umeme ya injekta moja moja. Silinda nzima ikinyimwa mafuta, injini hudhoofika papo hapo, nawe unasikia. Ya kwanza: ikashuka. Ya pili: ikashuka. Ya nne: ikashuka karibu kuzima. Ya tatu: hakuna kilichobadilika, kama vile umemfukuza kazi mtu ambaye hakuwa akifanya kazi. Mafundi wengi huchomoa waya wa plagi badala ya injekta. Jjajja amewakataza vijana wake: umeme ule ni maelfu ya volti, unaweza kumrusha mtu, unaweza kuharibu kifaa cha kuwashia, na petroli isiyoungua inaendelea kumwagika kwenye bomba la moshi.

Kisha akazifungua plagi nne, akazipanga juu ya gazeti kwa namba zake. Nimefundisha miaka ishirini, lakini siku hiyo nilikuwa mwanafunzi. Plagi yenye rangi ya kahawia kama biskuti ni ya silinda yenye afya. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi au joto limepita kiasi. Yangu ya tatu ilikuwa imelowa na kunuka petroli. Hilo lilithibitisha kwamba mafuta yanafika lakini hayaungui.

Akatazama pia nafasi kati ya ncha zake. Injini yangu inataka milimita 1.1, zile plagi za boksi zuri zilikuwa na 0.8, na moja 0.7. Akacheka akaziweka kwenye kopo la vyuma chakavu bila kuniomba ruhusa.

Halafu akaniita nichungulie kwa tochi ndani ya mashimo marefu plagi zinamokaa. Shimo la pili na la tatu yalikuwa na oili, kama vijiko viwili. Sehemu ya juu ya plagi ilikuwa imeogelea humo, lakini ncha ya chini haikuwa na oili. Tofauti hiyo ni kubwa. Oili ikiwa kwenye ncha, imetoka ndani ya silinda, na hapo ringi au valvu zina neno. Oili ikiwa juu tu, imevuja kutoka chini ya kifuniko cha valvu kwa sababu raba za duara zinazozunguka mashimo zimekauka. Ni ugonjwa unaojulikana wa injini hizi zikizeeka.

Oili ile ilikuwa imelainisha raba za mwisho wa nyaya zangu, zile mpya nilizonunua kwa bei, zikawa kama ubani uliotafunwa. Cheche hupenda njia rahisi. Badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi, inapita kwenye raba iliyooza na kwenda kwenye chuma cha injini. Njia tambarare hujui. Mlimani, ambako hewa ndani ya silinda hubanwa zaidi na cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka, ndipo inapochagua kutoroka. Kukiwa na unyevu, ndiyo kabisa.

Tulisubiri giza. Saa moja na nusu usiku kijana akanyunyiza maji laini kwa chupa juu ya nyaya, injini ikiwa inaunguruma, sisi sote mikono nyuma. Nikaona vimulimuli vya buluu vikitambaa kwenye shingo ya waya wa tatu na wa pili. Miezi minane nilikuwa nikitafuta kitu ambacho kingeonekana kwa chupa ya maji na subira ya kungoja jua lizame.

Jjajja aliazima nyaya nzuri kutoka gari jingine, akakausha mashimo, akaweka plagi za kweli. Tukanyunyiza tena. Giza tupu. Lakini injini ilipotulia, ule mtetemeko ulikuwepo. Silinda ya tatu bado ilikuwa imelala.

"Mgonjwa wa kwanza ameamka," akasema. "Njoo kesho tumwone wa pili."

Sikio kwenye bomba la moshi

Asubuhi nilimwambia zile namba za karakana ya tano. Akaniuliza walivyopima: injini ilikuwa moto? Hapana. Plagi zote zilitolewa? Moja moja. Kuna mtu alikanyaga mafuta hadi chini wakati wa kupima? Nikakumbuka kwamba hapakuwa na mtu ndani ya gari kabisa. Mmoja alikuwa akiwasha kwa waya chini ya boneti.

Basi walikuwa wamepima mdomo wa mtu aliyefungwa pua. Njia ya hewa ikiwa imefungwa, silinda haipati hewa ya kubana, na kila namba hushuka. Jjajja aliwasha injini hadi ikapata moto wake wa kazi, akatoa plagi zote nne, akachomoa fyuzi ya mafuta, akaniambia nikae kwenye usukani nikanyage mafuta mpaka chini huku nikizungusha stata kwa betri iliyojaa. Kila silinda mizunguko mitano au sita, hadi mshale wa geji usimame.

Namba zikawa 170, 172, 105, 168.

Nikasema bado ni chini ya 191. Hapo ndipo aliponipa somo ambalo mwenzangu wa fizikia alilipenda sana nilipomsimulia. Namba ya kitabu ni ya usawa wa bahari. Kampala iko mita 1,190 hivi juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia kumi. Injini nzima iliyofika 191 Mombasa haiwezi kufika 191 hapa. Kitabu hicho hicho kinasema kiwango cha chini kabisa ni 142, na silinda zisiachane kwa zaidi ya 14. Kwa hiyo silinda zangu tatu zilikuwa na afya nzuri kwa gari la umri huo. Waliotaka kuniuzia injini walikuwa wakizika watu wanne kwa sababu mmoja ana homa.

Sisemi walikuwa wezi. Nadhani waliiamini geji yao. Lakini milioni mbili na nusu, na ng'ombe wa Mama, vilikuwa vimening'inia kwenye kipimo kilichochukuliwa vibaya.

Iliyobaki ilikuwa kujua silinda ya tatu inavujia wapi. Akamimina kijiko cha oili kupitia shimo la plagi, akapima tena: 110. Kama ringi ndizo zilizochoka, oili ingeziba nafasi na namba ingepanda sana. Haikupanda. Basi si ringi.

Akazungusha injini kwa spana mpaka pistoni ya tatu ikafika juu na valvu zake zote zimefungwa, akaishikilia hapo, kijana akaingiza hewa ya kompresa kupitia shimo la plagi. Mimi niliagizwa kusikiliza. Kwenye mdomo wa kuingiza hewa: kimya. Kwenye kifuniko cha kumiminia oili: pumzi kidogo, ya kawaida. Kwenye rejeta: hakuna mapovu, kwa hiyo gasketi ya silinda hedi ni nzima. Mwisho nikapiga magoti nyuma ya gari, shati jeupe la shule na yote, nikaweka sikio kwenye bomba la moshi. Nikasikia ssssss, kama nyoka ndani ya mtungi.

Valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu haikuwa ikifunga.

Tuliacha gari lipoe usiku kucha, kwa sababu nafasi za valvu katika injini hii hupimwa baridi. Asubuhi ya tatu kifuniko kikafunguliwa. Kati ya kamshafti na kila valvu hutakiwa kuwe na upenyo mdogo: zile za kuingiza hewa kati ya milimita 0.15 na 0.25, za kutolea moshi robo milimita au zaidi kidogo. Jjajja alipitisha vibamba vyake vyembamba vya kupimia. Vikapita, vikapita, na kwenye valvu moja ya silinda ya tatu hata kibamba chembamba kuliko vyote kikakataa. Hapakuwa na upenyo kabisa.

Hapa nikakumbuka jinsi mafundi wote watano walivyokuwa wakiisifu injini yangu: "Haina kelele, mwalimu, valvu zimetulia!" Jjajja akasema valvu iliyolegea hugonga, na mwenye gari husikia akaja mbio. Iliyobana hainong'oni. Kadiri miaka inavyopita, valvu hujichimbia kwenye kikalio chake, mguu wake ukapanda juu, ule upenyo ukaliwa kidogo kidogo. Chuma kikipata moto kikarefuka, valvu inabaki wazi kiasi cha unywele. Ndiyo maana gari langu lilikuwa afadhali asubuhi likiwa baridi, na baya likiwa moto. Likikimbia, mizunguko ni ya haraka mno hewa haipati muda wa kutoroka, na dereva anadhani limepona.

Na hatari yake haiko kwenye mtetemeko. Valvu ya kutolea moshi hupoza uso wake kwa kugusa kikalio; isipogusa, moto hauna pa kwenda, nayo huungua ukingo kama chapati iliyosahauliwa. Hapo ndipo hedi nzima hufunguliwa.

Katika injini hii upenyo hurekebishwa kwa kisahani cha chuma kinachokaa juu ya valvu, mafundi hukiita shimu. Toyota ilizitoa katika unene wa aina 17, kutoka milimita 2.50 hadi 3.30, kila moja ikizidi mwenzake kwa 0.05. Jjajja alitoa yangu, akaipima kwa maikromita: 2.90. Akapiga hesabu kwa kalamu kwenye kadibodi, akaandika 2.60, akamtuma kijana Kisekka kwa boda boda. Kule kuna watu wenye makopo ya shimu zilizotolewa kwenye hedi zilizokufa. Kijana alirudi baada ya saa mbili na vipande vitatu, kimoja kikafaa. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli ya boda boda.

Kwa kuwa kifuniko kilikuwa wazi, raba za mashimo ya plagi zikabadilishwa papo hapo, na gasketi ya kifuniko. Nyaya mpya na plagi nne za kweli ndizo zilizokula pesa. Jumla, pamoja na kazi ya siku tatu, haikufika laki nne.

Silinda ya tatu sasa hutoa 158. Si 170. Jjajja hakunificha: huenda ukingo wa valvu umeanza kuungua kidogo, na njia pekee ya kujua ni kuipa muda na kupima tena baada ya kilomita 5,000. Ikiwa imepanda au imebaki palepale, tunaendelea. Ikiwa imeshuka, hedi itafunguliwa na valvu itasagwa au kubadilishwa, nami nianze kuweka akiba kuanzia sasa.

Siku ya kumrudisha Mama Kayabwe ilinyesha mvua kubwa. Kwenye mlima ule wa Buwama tulikuta lori jingine, hili la mchanga. Barabara ilikuwa wazi, na injini ilikuwa na nguvu, nami nilisikia hivyo mguuni. Hata hivyo sikulipita. Nilikaa nyuma yake mpaka kileleni. Mama alinitazama, akatazama lori, akafungua kikapu chake na kunimenyea ndizi.

Hadi leo nimetembea kilomita 4,600. Nimeambiwa nilipeleke gari Jumamosi ijayo, kipimo kiwe cha moto kwanza, lilale pale chini ya mwembe, kisha Jumapili asubuhi lipimwe baridi. Jjajja ameniagiza nije na sukari, kwa kuwa mara ya mwisho nilimaliza yake.